Nguruwe Si Wangu, Shimo Si Langu

Jumatatu, 14 Julai

Nguruwe mwitu wameingia tena! Mahindi ya upande wa bondeni yamelala chini yote. Mihogo imefukuliwa. Nyayo kila mahali, kubwa na ndogo, maana yake ni mama na wanawe. Wamekuja kwangu karamuni.

Kwa Randu hawakugusa hata jani.

Hilo ndilo linaloniuma. Randu ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Maimuna, yeye kamwoa mdogo wake Maimuna. Sote wawili tunalima mteremko wa mkwe wetu, Mzee Nzai, huku milimani nyuma ya Kwale. Yeye yuko juu karibu na msitu, mimi chini. Katikati pana kipande chembamba cha udongo mweusi, kizuri kuliko kilima kizima. Mikonge ya mpaka iliungua zamani. Randu anasema kipande ni chake. Mimi nasema ni changu. Ni changu.

Leo Mzee Nzai ametuma salamu kutoka Waa. Jumamosi anakuja. Umri umekwenda, anataka kugawa mteremko akiwa hai. Aliyelitunza shamba atapewa. Aliyewalisha nguruwe atafute pengine.

Nilimsomea Maimuna ujumbe. Alikuwa akikuna nazi. Akasema, bila kuinua macho, kwamba ardhi ya babake ikienda kwa mdogo wake kwa sababu ya usingizi wa mume, yeye na watoto watarudi Waa. Akaendelea kukuna. Angepiga kelele ningeona afadhali. Maimuna akisema jambo polepole, hulifanya.

Randu yeye hulinda. Kila jioni hupanda dunguni, kwenye lile jukwaa la miti, na kupiga debe. Ko! Ko! Ko! Nalisikia mpaka kwenye magego. Hayo ni maarifa? Hata mtoto hupiga debe. Mimi nitatumia akili.

Jumanne, 15 Julai

Baridi! Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na manyunyu. Asubuhi kilima chote kimemezwa na ukungu. Nimevaa sweta la Maimuna, lenye maua. Hakuna aliyeniona.

Mpango wa kwanza ni nywele. Nguruwe huogopa harufu ya binadamu, kila mtu anajua. Nikashuka Kombani kwa kinyozi, nikamwomba anikusanyie nywele zote za sakafuni. Akaniuliza za nini. Nikasema za shamba. Akanitazama sana. Akanipa mfuko mzima, lakini alijikalia mbali, na nilipotoka nilimsikia akisoma Kuli-audhu ya kujikinga na wachawi.

Nikazitawanya kuzunguka mahindi. Upepo ukageuka. Nikala nywele za Kombani nzima! Zilizobaki zilikwenda kunasa kwenye kanga mbichi za Maimuna, zilizokuwa kambani. Aliyoyasema siyaandiki, watoto wasije wakasoma.

Randu aliniona kutoka dunguni. Akanisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani, hakucheka. Simpendi mtu wa namna hiyo.

Jumatano, 16 Julai

Wamekula tena. Mmoja amelala juu ya nywele. Alama ya ubavu inaonekana waziwazi. Nimemtandikia godoro!

Nikavuka kijito kwenda kwa Mbuvi. Huyu ni jirani, Mkamba, Mkristo, wazazi wake walikuja na mgao wa ardhi ya serikali. Nikampa mpango wangu kama zawadi: mimi nina nguruwe, yeye ana sufuria. Aje na mbwa wake, awinde, achukue nyama yote, mimi sitaki hata kuinusa. Faida kwa wote.

Mbuvi akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema kuwinda ni kosa, shemeji yake alilala ndani kwa ajili ya paa mmoja. Akanishauri niende Kwale kwa askari wa wanyamapori, nieleze hasara yangu, wao wajue la kufanya. Nikamwambia mpaka serikali ifike nguruwe watakuwa wameshakula na mlango wa nyumba. Akasema basi nipige debe kama Randu.

Randu, Randu! Nimechoka na jina hilo.

Sasa ni shimo. Nimezifuata nyayo mwenyewe. Njia yao inatoka msituni, inapita pembeni ya shamba la Randu, inaingia kwangu kupitia kipande cheusi. Hapo hapo. Nimechimba tangu adhuhuri mpaka magharibi ndani ya manyunyu, mpaka nikiwa ndani kichwa hakionekani. Kutoka kulinisumbua kidogo. Nimelifunika kwa fito na makuti, juu yake majani. Kazi safi. Hata mimi nilikaribia kulikanyaga.

Nilirudi nimejaa matope. Maimuna akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia shambani, nafanya kazi. Alifurahi! Alinipikia uji wa moto, akaniwekea na pilipili manga. Nikaona haya kidogo. Uji ulikuwa mtamu.

Alhamisi, 17 Julai

Shimo tupu. Nilikuwa napanga makuti upya nikasikia mtu nyuma yangu. Mbuvi! Anatafuta mbuzi wake. Akaona shimo, uso ukambadilika. Akasema aliyechimba mtego huu akikamatwa atakwenda na maji. Akauliza ni la nani.

Ulimi ukaenda wenyewe. Nikasema la Randu.

Mbuvi akaguna, akaenda zake. Nami nikabaki nimesimama pale. Hofu kwanza. Halafu, polepole, furaha. Kwani kwa nini lisiwe la Randu? Mzee Nzai aje Jumamosi, amkute mkwe wake mpendwa kati ya askari wawili! Nani atapewa shamba hapo?

Saa hiyo hiyo nikaenda Kwale. Ofisini nilimkuta afande mmoja kijana, anaitwa Cynthia, mtu wa bara, ana heshima zake. Akanipa kiti. Nikasema mimi ni raia mwema, nimeona mtego, na jina langu lisitajwe. Akaniuliza mtego uko kwenye shamba la nani. Nikasema la Randu. Akauliza nina hakika kwamba kile kipande ni cha Randu, maana watu wa vijijini wana mizozo ya mipaka. Nikamhakikishia kwamba hakuna mzozo wowote. Ni cha Randu, tangu zamani, kila mtu anajua.

Akasema gari limekwenda Kinango kwa kesi ya ndovu. Watakuja Jumamosi asubuhi. Jumamosi! Ningepanga mwenyewe nisingeweza.

Nimerudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, 18 Julai

Siku mbaya.

Msikitini Randu alikaa ubavuni mwangu. Mvua ilitukuta tukitoka, akanifunika kwa mwavuli wake mpaka bega lake moja likalowa chapa. Njiani akasema, mwanyumba, kwa nini tusilinde pamoja? Leo wewe, kesho mimi, shamba lote moja. Nguruwe hawajui mpaka, akasema. Na mzee akija atafurahi kuona wakwe zake wanaelewana.

Nilijifanya nimekabwa na kikohozi.

Nina hofu. Naandika tu, hapa hakuna anayesoma. Randu ana watoto wanne. Wanamwita Maimuna mama mkubwa, wanakuja kwetu kula. Wakimchukua kweli je? Nilitaka kutafuta njia ya kumpigia yule afande. Halafu nikamkumbuka Maimuna na nazi yake, na nyumba ikiwa tupu, mimi peke yangu na sufuria. Sikupiga. Kesho baada ya swala ya alfajiri nitakwenda kulitazama shimo. Huenda nikalifukia. Huenda nisilifukie.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Alfajiri, ukungu mzito. Nilikuwa sioni hatua mbili mbele. Nilipokaribia kipande cheusi nikasikia pumzi. Si pumzi ya mtu. Nzito, ya puani, na chini yake mlio wa vitoto vikizunguka majanini. Makuti yamebomoka. Nikanyata mpaka ukingoni, nikainama nione.

Alikuwamo! Jike kubwa, manyoya ya mgongo yamesimama, mvuke unamtoka. Nikafurahi, ndiyo, nikafurahi. Nikainama zaidi.

Ukingo ulikuwa umelowa. Ukamomonyoka.

Nilianguka kwa matako. Nilipofungua macho yeye alikuwa kona ile na mimi kona hii, na shimo hilo, kwa bahati mbaya, nililichimba jembamba ili kuokoa jasho. Hakukimbia. Pa kukimbilia hapakuwapo. Aliniangalia kwa vijicho vidogo, akagonga meno. Juu watoto wake wanalia. Kila walipolia alisogea hatua moja. Nikasoma kila nilichokijua, nikachanganya dua ya safari na dua ya chakula. Akanifikia. Akaniwekea pua kwenye paja, mbichi, ya baridi, akasukuma. Nilijua kwamba nitafia humo, na kwamba nitakutwa nimekumbatiana na nguruwe, na Maimuna ataulizwa na watu wa Waa mumewe alikufaje.

Jina lililonitoka ni la Randu. Nililipiga ukelele mpaka koo likaniuma.

Alikuja mbio. Alinyofoa ngazi ya dungu lake mwenyewe, akaishusha. Nikapanda. Jike akaruka, akanipata suruali, akabaki na kipande chake. Nikatoka nje kwa tumbo! Nikamnyooshea Randu mkono aniinue. Akarudi nyuma. Akasema, niwie radhi mwanyumba, nina udhu. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama yule mnyama alikuwa amelowa. Nikamwambia mimi nimelowa, yeye kalowa, kilima kizima kimelowa! Akasikitika. Akasema basi najisi ya nguruwe ni majosho saba, moja la udongo.

Hakuniuliza nilitafuta nini pale.

Nyumbani Maimuna alinisimamisha nje kwa mwiko. Usiguse mlango, usiguse watoto, usiguse chochote. Nikaogea nyuma ya migomba, maji ya baridi ya kipupwe, na pipa lote la wiki likaisha. Kila josho Maimuna anahesabu kwa sauti, jirani wasikie. Lilipofika la udongo nikajipaka tope toka utosini. Nikiwa hivyo, na kikoi kimoja tu, nikasikia mtu anapiga hodi.

Mzee Nzai. Mapema kuliko ahadi.

Nifanyeje? Adabu ni adabu. Nikamwamkia kutoka ndani ya matope, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, akageukia upande mwingine kwa heshima, akamwuliza binti yake ni kitu gani kile. Maimuna akasema ni mume wangu, baba, anaoga.

Kabla sijafika josho la mwisho gari la askari likapanda kilima.

Tukakusanyika wote shimoni: Mzee Nzai na bakora yake, Randu, Maimuna, Mbuvi aliyefuata gari, afande Cynthia na askari wawili. Jike bado yumo, anagonga meno. Cynthia akauliza shimo ni la nani. Nikasema si langu. Akauliza na nguruwe je. Nikasema afande, sisi ni Waislamu, nguruwe anaweza kuwa wetu vipi? Nguruwe si wangu, shimo si langu! Basi ardhi ni ya nani, akauliza.

Nikasema kwa sauti, kilima kisikie, ni ya Randu.

Mzee Nzai akanigeukia taratibu. Akaniuliza kama nina maana kipande hiki cheusi, hiki hiki. Nikasema ndiyo baba. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza. Na nikaapa! Wallahi, mbele ya serikali na mashahidi. Maimuna akafumba macho.

Cynthia akamwangalia Randu. Neno moja tu lingenimaliza, na neno hilo Randu alikuwa nalo. Halafu akasema, kama kipande ni changu basi na lililomo ni langu, nitapokea adhabu. Sijawahi kumchukia kama wakati ule, na sijawahi kutaka kumshika mkono kama wakati ule.

Hapo askari mmoja akamulika tochi chini. Akasema kuna kandambili humu.

Kandambili ya bluu, karibu na kwato za nguruwe. Nikaficha mguu mtupu nyuma ya ule wenye kandambili. Haukufichika. Watu wote wakatazama miguu yangu, hata Mbuvi, ambaye nilidhani ni rafiki. Cynthia akaniambia polepole, "Mzee wangu, kama shamba ni lako, mtego ni wako. Na kama shamba ni la huyu, basi umeingia kwenye shamba la mtu ukachimba mtego. Chagua moja." Nikatafuta la tatu. Halikuwapo.

Nilitubu. Nililia kidogo, si kwa hila. Mzee Nzai hakunitazama. Randu ndiye aliyeniombea. Akaeleza hasara ya mahindi, mnyama mzima, hajaumia, na mwanyumba ana watoto. Cynthia akasema mara hii ni onyo, mara ya pili ni mahakamani. Kisha akaniamuru nichimbe njia ya mteremko ukingoni, mnyama atoke.

Nikachimba, ndani ya kikoi, askari wakinisimamia. Jike akapanda, akasimama, akatikisa masikio. Msitu uko juu. Njia ya juu tumeiacha wazi. Akageuka akashuka, akapita katikati ya mahindi yangu, na watoto wake wote nyuma yake.

Jumapili, 20 Julai

Mzee Nzai amegawa.

Upande wa juu ni wa Randu na mkewe. Kipande cheusi ni cha Randu. Mzee akasema hata kuamua hakuhitaji kuamua, maana mkwe wake ameapa. Upande wa chini, ulioliwa, ni wa Maimuna. Kwa jina lake mwenyewe. Mimi nimepewa nasaha.

Lakini Maimuna hakwenda Waa! Alikaa kizingitini na baba yake wakati wa chai, akawa analia na kucheka. Babake alipokwenda kulala kwa Randu akaniita. Akasema anabaki kwenye ardhi yake. Akasema na mimi naweza kubaki. Nilifurahi, sikujua kama niliogopa kiasi kile. Sharti ni moja, akasema: nilinde. Likipotea hindi hata moja kwa ujanja wangu, nitajua njia ya kwa mama yangu Msambweni.

Jioni Randu alikuja na kandambili yangu. Kaiosha mara saba. Tumekubaliana kulinda kwa zamu, shamba lote moja. Kesho ni zamu yangu, kwa sababu yeye anamsindikiza mzee Waa. Nikamshika mkono. Nimebadilika, wallahi. Mambo ya hila nimeyaacha.

Jumatatu, 21 Julai

Nipo dunguni kwa Randu, jua linazama. Napiga debe. Kazi hii ni ya kipumbavu. Bega linauma na bado mapema.

Nikafikiri. Hatari haimo kwenye kufikiri. Kosa la juzi lilikuwa shimo, kwa kuwa shimo ni mtego na mtego ni kosa. Lakini mihogo si mtego. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuangusha mihogo. Nguruwe hufuata tumbo lake. Ukimpangia chakula kutoka kwetu mpaka kwa Randu, atazoea kula kwa Randu, na kwa Maimuna hatagusa. Si kwa ubaya. Randu ana kipande cheusi sasa, anaweza kuvumilia.

Basi kabla ya kupanda huku nimechimbua mihogo kidogo ya Maimuna, minono, nikaikatakata, nikaipanga kipande kwa kipande kutoka katikati ya shamba letu, nikapanda nayo kilimani, mpaka ukingoni mwa msitu. Mstari mmoja ulionyooka. Ukungu unaanza kushuka lakini bado nauona ulivyopendeza. Debe nimeliweka chini, nisije nikawatisha.

Nawasikia. Majani yanavunjika. Wanatokea msituni, juu, upande wa Randu. Ni wengi kuliko siku zote. Wamekipata kipande cha kwanza, nasikia wakitafuna, na sasa cha pili.

Wanashuka.